Ufa uliotokea uani baada ya tetemeko: jibu kwa mama wa Funu, Bukavu

Swali: "Jambo Papa Mwalimu. Nakaa Funu, komini ya Kadutu, katika nyumba ya mbao na manjanja (mabati) tuliyoijenga na marehemu mume wangu. Mwezi uliopita ardhi ilitikisika usiku, kidogo tu, vyombo vikalia kabatini. Asubuhi nikaona ufa uani. Unaanzia karibu na choo, unapita chini ya kamba ya nguo, unafika kwenye ngazi ya jirani. Jirani anasema tetemeko limepasua ardhi na kwamba volkano ya Nyiragongo inakuja kwetu. Mtoto wangu mkubwa anataka tubomoe mbao tujenge matofali, tena etaji (ghorofa), anasema ndiyo itavumilia. Wengine wananiambia niuze paseli (kiwanja) niondoke. Nifanye nini?"

Mama, jambo, na pole kwa usiku huo. Natanguliza jibu kabla ya maelezo, maana najua kila siku unaupita ufa huo ukienda kuanika nguo. Usijenge matofali hapo. Usiuze kwa kuharakishwa na watu. Na huo ufa, anza kuupima wiki hii, nitakueleza jinsi. Kwa namna ulivyousimulia, siamini kwamba tetemeko ndilo lililoupasua uwanja wako. Mtikisiko unaoliza vyombo bila kuangusha hata sahani moja hauna nguvu ya kufungua udongo. Naona ufa ulikuwa unajitengeneza tangu mvua zilizopita, na usiku ule ukakufanya utoke asubuhi na kuangalia chini.

Matetemeko yenyewe ni ya kweli, na atakayeishi Kivu ataishi nayo. Bukavu, Goma na ziwa lote viko ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Ardhi ya upande wa Kongo na ile ya upande wa mashariki zinaachana, milimita mbili au tatu hivi kwa mwaka. Lakini miamba ya chini haiachani taratibu. Inakamatana, inavumilia miaka na miaka, kisha siku moja inaachia ghafla. Huko kuachia ndiko tetemeko. Kazi hiyohiyo ndiyo iliyoinua ukingo wa milima ya Kabare unaouona ukitazama magharibi, na ndiyo iliyoshusha sehemu ambamo ziwa limelala. Miteremko yetu mikali na matetemeko yetu vilizaliwa pamoja.

Watu wa umri wako wanakumbuka 24 Oktoba 2002, upande wa Kalehe, kipimo 6.2. Wanakumbuka zaidi Jumapili ya 3 Februari 2008, saa tatu na nusu asubuhi, watu wakiwa ibadani: kipimo 5.9, kitovu kikiwa kilomita ishirini hivi kaskazini ya mji. Saa chache baadaye likapiga jingine upande wa Rwanda, dogo kuliko la kwanza. Siku hiyo wilaya za Rusizi na Nyamasheke zilipoteza watu zaidi ya 30, na kuna waliofia kanisani. Ukuta uliokwisha kulegezwa haungoji tetemeko la pili liwe kubwa. Halafu likaja lile la 7 Agosti 2015, saa tisa na kitu usiku, ambalo nalo liliua watu hapa kwetu.

Hizo namba zinadanganya macho. Kutoka 4 hadi 5 tunaona hatua moja, lakini nguvu inayotoka ardhini inazidishwa mara 32 hivi. Kutoka 4 hadi 6 ni mara elfu. Tetemeko lako la vyombo na lile la 2008 havipimiki kwa kikapu kimoja. Na kwa kawaida mpasuko wa tetemeko lenyewe hauonekani juu ya udongo mpaka kipimo kikaribie 6 au kipite.

Kuhusu Nyiragongo, mwambie jirani yako aondoe hofu hiyo. Mlima ule uko zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenu na ziwa zima liko katikati. Lava yake, yaani mwamba ulioyeyuka, haiwezi kufika Bukavu. Nadhani alichokiona ni picha za Goma za mwaka 2021. Lava ilitoka 22 Mei, ikasimama ukingoni mwa mji, lakini mitikisiko ikaendelea siku nyingi mfululizo, na barabara za Goma na Gisenyi zikapasuka, hata tarehe 27 watu wakaambiwa wahame. Huko, moto wa chini ulikuwa unajisukuma ndani ya mwamba kutoka mlimani kuelekea chini ya mji na ziwa, na ndio uliofungua zile nyufa. Hiyo ni habari ya Goma, na watu wa Goma wana haki ya kuiogopa. Ya Funu ni nyingine.

Kuna njia ya kujua mwenyewe tetemeko limetoka mbali au karibu. Tetemeko huja kwa mawimbi mawili. La kwanza ni mshtuko mfupi wa juu na chini, pengine na mvumo; la pili ndilo linaloyumbisha nyumba. Ukisikia la kwanza, anza kuhesabu polepole mpaka kuyumba kuanze. Kila sekunde moja ni kama kilomita nane. Ukifika sekunde mbili au tatu tu, limetoka hapa karibu, Kabare au chini ya ziwa. Lingetoka Goma, ungehesabu hadi kumi na mbili. Wafundishe watoto, maana anayehesabu hapigi kelele. Bali mtu yeyote anayekutumia sauti kwenye simu kwamba litapiga kesho saa nane usiku, usimsikilize. Hakuna chombo duniani wala mtaalamu anayejua siku na saa.

Sasa tuje Funu, kwa sababu jambo lako liko hapa.

Mteremko unaoukalia ni poromoko kubwa la ardhi, la zamani, la kilomita moja na nusu ya mraba, na bado linatembea. Nimelisema wazi kwa sababu una haki ya kulijua, na kwa sababu wengi wanaouza viwanja huko hawalisemi. Mji wa Bukavu umekaa juu ya lava ya kale, iliyotoka mamilioni ya miaka kabla yetu. Lava ile imeozeshwa na mvua mpaka ikawa udongo mwekundu mzito, wa unene wa mita nyingi. Ukiwa mkavu unasimama wima, hata fundi anaukata kwa jembe ukuta ukabaki. Ukilowa mpaka ndani unateleza kama sabuni, na kilicho juu yake kinashuka nao.

Watafiti wa Kongo na wa Ubelgiji wamelifuatilia poromoko hilo kwa picha za ndege za zaidi ya miaka sabini iliyopita na kwa setilaiti za siku hizi, na matokeo yao yalitoka mwaka 2022. Kuna sehemu zinazosogea sentimita chache kwa mwaka, na kuna zinazosogea zaidi ya mita. Jambo lililonigusa zaidi katika kazi yao ni kwamba mji wenyewe ndio uliobadilisha mwendo. Kadiri nyumba zilivyojaa, ndivyo sehemu ya poromoko ilivyozidi kuongeza kasi, kwa sababu maji yalibadilishiwa njia. Zamani mvua iliangukia majani na mashamba, ikaingia ardhini kidogo kidogo kila mahali. Leo inaangukia manjanja, inakusanyika, inamwagwa mahali pamoja. Juu ya hayo kuna mabomba yanayovuja usiku na mchana na maji ya kufulia.

Chukua nyumba yako. Tuseme manjanja yake ni mita sita kwa nane. Mvua moja nzito ya jioni, ya milimita 50, inaacha juu yake lita 2,400. Hayo ni mapipa kumi na mawili makubwa, yale ya lita 200, na yote yanaangukia ukanda mwembamba nyuma ya nyumba. Uliniambia ufa unaanzia karibu na choo. Nakuomba utoke mvua ikinyesha, uangalie maji ya paa lako na ya paa la jirani wa juu yanaelekea wapi. Sitashangaa ukiyakuta yanaingia humo humo.

Je, tetemeko halina kosa lolote? Lina lake. Mteremko uliolowa ukitikiswa, maji yaliyo kati ya chembe za udongo yanabanwa, udongo unapoteza mshiko wake, na mahali palipokuwa panatembea polepole panaweza kukimbia. Vilele vya milima na matuta hutikisika zaidi kuliko mabonde yaliyo karibu nayo. Na udongo wa kujazwa, ule mnaosawazishia kiwanja, hutikisika zaidi kuliko mwamba. Tena mara nyingi mlima hauanguki siku ya tetemeko. Unapasuka juu, halafu mvua inayofuata inaingia katika ule mpasuko na kumaliza kazi. Ndiyo maana tetemeko la Februari, katikati ya mvua, linanitia wasiwasi zaidi kuliko la Agosti lenye nguvu ileile, na wiki zinazofuata naziogopa kuliko siku yenyewe. Lakini ukiniuliza kati ya maji na tetemeko ni lipi la kulihangaikia kila siku, ni maji. Tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, watu zaidi ya 400 walikufa kwa mvua na matope. Ardhi haikuwa imetikisika.

Sasa, ufa wa kutikiswa unatofautianaje na ufa wa mlima unaotembea? Wa kutikiswa unakaa ukutani, hasa ukuta wa matofali. Unatoka kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda mshazari; mara nyingine mistari miwili inakatana kama herufi X. Ukitoka nje, udongo ni mzima. Wa mlima unatoka ardhini. Unapita uani, unapita chini ya ukuta, unaendelea kwa jirani bila kujali mipaka ya paseli, na mara nyingi umejipinda kama upinde ulioelekezwa juu mlimani. Upande mmoja uko chini kuliko mwingine. Ukiweka kiganja juu yake utasikia ngazi ndogo. Halafu kuna mashahidi wengine. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kukwama. Ngazi inaachana na kizingiti. Bomba lilelile linakatika, linatengenezwa, linakatika tena mahali palepale. Nguzo ya umeme inalala, waya wa upande mmoja umekaza na wa pili umelegea. Ukuta wa kuzuia udongo unatoa tumbo. Ukiona matatu ya haya pamoja na ufa, acha kulisingizia tetemeko.

Kupima ni hivi. Tafuta vipande viwili vya chuma, virefu kama mkono kutoka kiwiko, uvipigilie kila upande wa ufa mpaka visitikisike, vikiachana mita moja. Juu ya kila kimoja weka alama ya rangi, doa moja tu, maana utapima kutoka doa hadi doa. Pima kwa metre (utepe wa kupimia) ileile kila mara, ikiwa imenyooka. Fanya hivyo mahali patatu: karibu na choo, katikati, na karibu na ngazi ya jirani. Andika katika kaye (daftari): tarehe, urefu kwa milimita, na kama mvua imenyesha wiki hiyo. Kiangazi, mara moja kwa mwezi inatosha. Mvua zikianza Septemba, kila Jumapili mpaka Mei, na siku inayofuata kila mvua kubwa au mtikisiko. Ukutani, kama ufa umeingia kwenye msingi wa jiko, paka juu yake kiraka cha simenti chenye ukubwa wa kiganja, uchore tarehe kikiwa bado kibichi. Kikipasuka, unajua ufa uko hai na tangu lini. Mpe mtoto wako mkubwa kazi hiyo. Kijana anayetaka kujenga, na aanze kwa kuijua ardhi.

Ufa wenyewe usiuache mdomo wazi. Jaza udongo wa mfinyanzi, tabaka kwa tabaka, ukishindilia kila tabaka kwa mti, mpaka juu pabaki na mgongo mdogo ili maji yapite yasisimame. Mchanga na kokoto havifai, vinayakaribisha maji. Simenti haifai pia. Ardhi ikisogea itavunjika, na chini yake hutaona kinachoendelea. Halafu shughulikia paa: mfereji wa bati ukingoni, pipa, na bomba linalopeleka maji ya ziada hadi mtaro wa avenyu uliojengwa, siyo uani kwa jirani wa chini. Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu ukiyaelekeza maji vizuri peke yako na wa juu yako akayamwaga, umefanya kazi bure. Ongeeni, nyumba sita au saba za mstari mmoja, mchange mabomba pamoja. Shimo la choo usilichimbe upya karibu na ufa, na msiwaruhusu vijana kukata udongo chini ya mteremko ili kupanua kiwanja, hata mita moja.

Watakuambia upande miti. Panda, hasa mianzi na majani yenye mizizi minene, yanashika udongo wa juu usichukuliwe na mvua. Ila poromoko la Funu linateleza chini sana kuliko mzizi wowote unavyofika, kwa hiyo miti isikupe usingizi wa bure.

Nyumba ya matofali yenye etaji, mama, mahali hapo nasema hapana, na mwambie mtoto wako nimesema kwa mapenzi. Nia yake ni njema. Lakini matofali ni uzito juu ya ardhi inayoteleza, na hayapindi. Mbao zenu zikisogezwa sentimita kumi zinalia, mnanyanyua pembe, mnaweka jiwe, maisha yanaendelea. Ukuta wa matofali ukisogezwa hivyo unagawanyika. Katika tetemeko pia, nyumba nyepesi ya mbao iliyofungwa vizuri inayumba na kurudi, wakati ukuta wa matofali usio na vyuma wala mkanda wa zege juu yake unaangukia waliolala. Fedha ya matofali itumieni kwenye mfereji wa paa, kufunga nguzo na mbao kwa vyuma na misumari mipya, na kuondoa mawe mazito mliyowekea manjanja yasipeperuke. Adui mkubwa wa mbao ni moto, Kadutu yote inalijua hilo kwa machozi. Basi ardhi ikitikisika usiku, jambo la kwanza baada ya kutulia ni kwenda kuzima mbabula (jiko la makaa) na taa.

Wakati wa mtikisiko wenyewe, usikimbie ngazi za mlimani gizani. Kaeni pembeni ya kitanda au chini ya meza imara, mbali na kabati la vyombo, hadi kuyumba kuishe. Kisha tokeni kwa utulivu, na msisimame chini ya ukuta wa kuzuia udongo wala nyumba ya matofali ya jirani, maana linaweza kurudia.

Mwisho, kuuza. Kama vipimo vitaonyesha milimita chache kwa msimu mzima wa mvua, unaweza kuishi hapo huku ukilinda maji na ukipima. Ikionekana sentimita kwa mwezi, anza kutafuta mahali pengine bila fujo, ukiwa na muda wa kuchagua. Lakini ikitokea mlango umefunga jioni na asubuhi haufunguki, au ufa umepanuka kwa usiku mmoja, au chemchemi mpya ya maji ya matope imetoka chini ya mteremko, usipime tena: chukua watoto na karatasi zako, toka saa hiyohiyo, gonga kwa majirani wa chini. Na siku ukiuza, mwonyeshe mnunuzi ufa na hiyo kaye. Naye ana watoto.

Nakala ya vipimo usiifiche nyumbani. Mpelekee chefu wa avenyu, na kijana wako aende Université Officielle de Bukavu, idara ya jiolojia. Huko wako wanaojishughulisha na maporomoko ya mji huu, na namba zilizopimwa na mwenye uwanja, wiki kwa wiki, ni kitu ambacho setilaiti haiwezi kuwapa. Utakapokuwa na vipimo vya mwezi wa kwanza wa mvua, niandikie tena: urefu wa mahali patatu, tarehe, na maji ya choo na ya paa yanakoelekea.